China Southern kwa mizani ya muuza mashuka wa Mombasa

Kabla sijasema lolote kuhusu viti au chakula, niseme kuhusu mizani. Nina mizani ndogo ya kuning'iniza, niliinunua Kongowea miaka sita iliyopita, na hiyo ndiyo inayoniamulia nipande ndege gani. Mimi nauza mashuka, foronya, mapazia na mito. Duka langu liko kichochoroni, ukitokea Biashara Street, na China naenda mara mbili kwa mwaka. Siendi kutalii. Mtu akinisifia skrini ya kiti na rangi za taa za ndani namsikiliza kwa adabu, halafu namuuliza: kilo ngapi?

Tiketi yangu ya China Southern ya Septemba 2025, Nairobi hadi Guangzhou na kurudi, iliandikwa mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, daraja la kawaida. Hizo ni arobaini na sita. Toa uzito wa mabegi yenyewe, unabaki na kilo 41 za mali. Seti ya satini ya bibi harusi, ikitolewa kwenye boksi lake, ni kama gramu 900. Piga hesabu mwenyewe: seti arobaini na tano. Msimu wa harusi hapa Mombasa, seti arobaini na tano hazimalizi wiki tatu dukani, na faida yake inalipa tiketi na kubakisha. Mali nzito, mablanketi na majora ya mapazia, huja kwa meli katika kontena tunaloshirikiana watu wanne. Lakini meli ni mwezi na zaidi, na bibi harusi hangoji meli.

Zamani nilikuwa nikipitia nchi nyingine, ndege mbili kwenda na mbili kurudi. Jina la shirika hilo silitaji, maana yaliyonipata yanaweza kumpata mtu popote. Begi moja lilibaki njiani siku sita. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani, wateja wananunua mapazia mapya ya Ramadhani, na mimi nimesimama dukani na begi moja kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Begi lilipofika mwezi ulikuwa umeshaandama. Tangu hapo natafuta ndege isiyobadilishwa, mzigo uingie Guangzhou utoke Nairobi, basi.

Isiyobadilishwa, lakini kwa mtu wa Nairobi. Sisi wa Mombasa tunayo Moi International yetu, ina njia ya kurukia, ina watalii, lakini ya kwenda China moja kwa moja haina. Kwa hiyo safari yangu huanzia Miritini. Nachukua treni ya saa nne usiku, shilingi 1,500 behewa la kawaida, tunafika Syokimau kati ya saa tisa na saa kumi alfajiri, baridi imeshika na mimi bado nina jasho la pwani shingoni. Kutoka hapo hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni mwendo mfupi wa teksi. Ndege yetu iliondoka mchana, basi nilipata muda wa kuswali, kunywa chai na kuyapima mabegi upya, ingawa yalikuwa karibu matupu. Mazoea.

Reli ile iliyojengwa na Wachina ndiyo inayonipeleka kwenye ndege ya Wachina ili nikanunue mashuka ya Wachina. Mume wangu hulisema hilo kila mara kama kwamba amelivumbua leo.

Ndege yenyewe ilikuwa Airbus A330, viti viwili ubavuni, vinne katikati, viwili ubavu wa pili. Chagua ubavuni. Ukiwa wawili wewe na mwenzio, hakuna mtu wa tatu wa kumwomba njia usiku. Nilisafiri na shoga yangu wa Likoni anayeuza mikoba, tukakaa kama tuko barazani kwetu. Ni kama saa kumi na moja angani, na saa za Guangzhou ziko mbele ya zetu kwa tano, kwa hiyo unaondoka mchana unashuka kunapambazuka, na mwili hauelewi usiku umeenda wapi.

Wahudumu ni vijana, wamenyooka, hawana maneno mengi. Kiingereza chao kifupi na changu kifupi, tukakutana katikati. Maji niliomba mara tatu nikaletewa mara tatu. Chakula, sikiliza vizuri: ukiwa Mwislamu, agiza chakula cha Kiislamu siku ileile unayokata tiketi, au angalau siku nzima kabla ya safari. Mara yangu ya kwanza niliona haya kumsumbua wakala, sikuagiza, nikala mkate, matunda na tende zangu mpaka China. Kosa langu mwenyewe. Safari hii niliagiza, nikaletewa wa kwanza kabla ya wengine wote, sahani yangu ikiwa na namba ya kiti. Wali na kuku, mboga zisizo na chumvi ya kutosha kwa ulimi wa pwani. Nilikuwa na pilipili ya kukaanga kwenye mkoba, ikafanya kazi yake. Chai yao haina maziwa wala iliki, ni maji ya majani, lakini tumbo la ndegeni linaipenda.

Shingo ndiyo iliyoniuma. Nitarudi kwenye shingo.

Sasa nieleze kwa nini nasema shirika hili limejengwa kwa watu wa sampuli yangu, hata kama lenyewe halinijui. Mpwa wangu anafanya kazi bandarini, lakini akili yake yote iko kwenye ndege. Yeye ndiye aliyenikalisha akanipa historia. Zamani China nzima ilikuwa na mamlaka moja ya usafiri wa anga, na mamlaka hiyohiyo ilikuwa msimamizi na ilikuwa yenyewe yenye ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikagawanywa, kila upande wa nchi ukapata shirika lake, na upande wa kusini, Guangzhou, ndiko ilikotoka China Southern mwaka 1988. Mwaka 1997 wakauza hisa Hong Kong na New York. Mwaka 2002 serikali ikaamua mashirika ni mengi mno, ikayakusanya katika mafungu makubwa matatu: Air China ya Beijing, China Eastern ya Shanghai, na hawa wa Guangzhou, ambao walipewa na la kaskazini na la Xinjiang juu yake. Ndiyo maana leo ukiwa Guangzhou unaweza kuruka na wao hadi Urumqi, huko ndani kabisa mwa Asia, bila kutoka nje ya nchi wala nje ya shirika.

Ukihesabu na matawi yake, kama Xiamen Airlines, wana ndege zaidi ya 900. Mwaka 2024 walibeba abiria zaidi ya milioni 160. Nilimwambia mpwa wangu arudie. Wakenya wote katika sensa ya 2019 hawakufika milioni 48. Kenya Airways yetu ilibeba milioni 5 na kidogo mwaka huohuo wa 2024. Kwa hiyo usiingie ndege ya China Southern ukitarajia mtu akukumbuke kwa jina, kama anavyokukumbuka kondakta wa matatu ya Bamburi. Wewe ni punje ya mchele ndani ya gunia, na gunia liko ghalani.

Lakini ghala kubwa lina faida yake, na faida hiyo niliiona nilipotaka kwenda Hangzhou.

Guangzhou kuna soko la vitambaa la Zhongda, nalijua kama ninavyojua Marikiti. Ila kwa vitambaa vya mapazia vya bei ya kiwandani unakwenda Keqiao, kule Shaoxing, na mlango wake ni Hangzhou. Safari za nyuma nilikuwa nikienda kwa treni ya kasi, na treni zao hazina kasoro, lakini siku inaisha. Safari hii nilikata ndege. Nilipofungua ratiba ya Guangzhou hadi Hangzhou nikadhani simu imeharibika: ndege baada ya ndege, asubuhi, mchana, jioni, kama matatu za Likoni saa ya kutoka kazini. Ukikosa moja unangoja nyingine. Hapo ndipo nilipouelewa ukubwa wao. Sisi wa nje ni chumvi tu kwenye chungu, wali wenyewe ni Wachina wanaokwenda mji huu na mji ule. Njia ya Nairobi ilifunguliwa Agosti 2015, na mwaka 2019 wakaongeza nyingine ya Nairobi na Changsha. Mbili hizo, kati ya njia zote walizonazo, ni kama foronya mbili ndani ya duka langu.

Mpwa wangu alinipa na kisa kimoja kinachonifurahisha kila nikikikumbuka, kwa sababu ni kisa cha biashara. Mwaka 2011 walinunua A380, ile ndege kubwa ya ghorofa mbili, wakawa wa kwanza China nzima. Walinunua tano. Tatizo, ndege ya namna hiyo inataka njia ndefu zenye abiria wengi, na njia tamu za nje kutoka Beijing zilikuwa mikononi mwa Air China. Kwa hiyo ghorofa ile ikawa inapelekwa huku na huku kutafutiwa kazi: Los Angeles, Sydney, hata safari za ndani ya nchi. Uwanja mpya wa Daxing ulipofunguliwa Beijing, Septemba 2019, A380 yao ndiyo iliyoruka na abiria wa kwanza, picha zikapigwa. Mwaka 2022 zote tano zilikuwa zimeshaondolewa. Mimi niliwahi kununua kitanda cha kuonyeshea mashuka, futi saba kwa saba, nikakikuta hakipiti mlangoni. Kilikaa uani miezi minane. Nawaelewa kabisa.

Wana na C919 siku hizi, ndege inayotengenezwa Shanghai na Wachina wenyewe. Ya kwanza waliipokea Agosti 2024 na mwezi uliofuata wakaiweka kati ya Guangzhou na Shanghai. Niliomba dua nipangiwe hiyo kwenda Hangzhou, nije nimringie mpwa wangu, nikapata Airbus ya kawaida. Hajui bado, atasoma hapa.

Jambo la kuzingatia kwenye ndege za ndani ya China: pawabanki. Tangu mwisho wa Juni 2025 sheria yao inasema pawabanki isiyo na alama ya 3C, alama yao ya usalama ya China, inayosomeka vizuri, haipandi ndege ya ndani. Mimi nilikuwa nimesikia, nikajiambia yangu ni ndogo, nani ataiangalia. Iliangaliwa. Binti wa ukaguzi aliigeuza, akaipapasa kama mtu anayetafuta bei kwenye shuka, akatikisa kichwa, ikaingia kwenye sanduku lenye mamia ya wenzake. Niliinunua Mombasa shilingi 1,200, na bila shaka ilitengenezwa hukohuko China, ila yetu tunaletewa isiyo na alama. Nunua yenye alama ukifika, au acha kabisa.

Na WhatsApp haifunguki, hilo kila mtu anajua, lakini kila safari kuna mtu analia kaunta kwa sababu tiketi yake iko ndani ya WhatsApp. Chapisha karatasi. Shilingi kumi pale kwa kijana wa fotokopi.

Kuhusu pointi. Kama unakusanya pointi ukipanda Kenya Airways, usidhani tu kwamba utazitumia huku, uliza kwanza. China Southern ilikuwa ndani ya SkyTeam, umoja wa mashirika ya ndege ambao Kenya Airways imo, tangu 2007, ikatoka mwanzoni mwa 2019. Wana mfuko wao wa pointi, Sky Pearl Club. Nimejiandikisha, pointi zangu zinaongezeka polepole kama mtoto asiyependa kula. Kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka naona hazifai kuumiza kichwa.

Binti yangu swali lake huwa ni moja, je, ni salama? Nilimpa jibu la mpwa wangu kama lilivyo. Novemba 1992 ndege yao iligonga mlima karibu na Guilin, watu wote 141 wakafa. Mei 1997 nyingine ilipata ajali ikitua Shenzhen kwenye mvua kubwa, wakafa watu 35. Baada ya hiyo, ndege za China Southern yenyewe hazijaua abiria katika ajali, na ni miaka karibu thelathini ya kuruka na mamilioni ya watu. Binti yangu akasema sawa, lakini akanisomea Ayatul Kursiy hadi mlangoni.

Kurudi ndiko kwenye mtihani. Siku mbili za mwisho nakaa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambao ukitembea unasikia Kilingala, Kihausa, Kisomali, na Kiswahili chenyewe, na chakula halali hakikusumbui. Ijumaa tuliswali kwenye msikiti ulio penye kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, watu wamejaa hadi chini ya miti. Usiku wake, chumbani, mizani ikatoka. Satini ni kitu cha hila, hujiviringisha, inakudanganya kwamba begi bado lina nafasi. Begi la kwanza kilo 22 na nusu. La pili 23 na gramu 100. Nilitoa foronya moja. Ikarudi 23 kamili. Nikaivaa kichwani ile foronya kama kilemba, shoga yangu akacheka mpaka mlinzi wa hoteli akabisha hodi.

Baiyun, uwanja wa Guangzhou, ni mkubwa wa kupoteza watu, lakini vibao vinasomeka na kaunta za China Southern zimejaza ukumbi mzima, safu baada ya safu. Tafuta safu ya safari za nje, usipange foleni ya Wachina wa safari za ndani kama nilivyofanya mara ya kwanza, utafika mbele urudishwe nyuma. Msichana wa kaunta aliyaweka mabegi yangu juu ya mizani yao. La kwanza 22.6, la pili 23.1. Akaniangalia, nikamwangalia. Akabandika karatasi, mabegi yakaenda. Hiyo nukta moja ndiyo inayonifanya niandike haya yote.

Nairobi mabegi yote mawili yalitoka, zipu zimefungwa, satini haijaguswa. Ushuru ni hadithi nyingine na si ya shirika la ndege. Nikayapakia kwenye basi la usiku, asubuhi nikayapokea Mwembe Tayari, na kabla ya adhuhuri seti ya kwanza ilikuwa imeshauzwa, rangi ya maziwa, kwa mama mmoja wa Kuze anayemwoza mwanawe.

Nawapa nyota nne. Nimenyima moja kwa ajili ya sisi wa pwani, wa kupanda treni usiku ndio tupate kuruka. Sijui nani wa kulaumiwa na pengine hakuna, lakini nyota ni zangu. Kwa mfanyabiashara mdogo anayekwenda Guangzhou au mji wowote wa ndani, tiketi iliyonigharimu karibu laki moja na elfu nane sioni kama nimeibiwa. Kwa anayetaka kubembelezwa angani, kuna mashirika mengine na bei zake.

Shingo sasa. Kwenye mkia wa ndege zao kuna ua jekundu juu ya buluu. Safari zote hizo nilidhani ni waridi. Shoga yangu naye alisema ni yungiyungi. Kumbe ni ua la msufi, ule msufi mwekundu wa Guangzhou, ndugu yake msufi wetu huu ambao bibi zetu walikuwa wakipasua maganda yake wakajaza mito. Nilipoambiwa nilikaa kimya kidogo. Mamangu alijaza mito ya sufi mpaka alipokufa, na mimi nauza mito ya nyuzi za plastiki kutoka China, nikishindwa kulala kwenye ndege yenye ua la msufi mkiani kwa sababu mto wa shingo niliouchukua dukani mwangu mwenyewe umelala chapati kabla hatujafika Bahari ya Hindi.

Tiketi ya Machi nimeshakata. Kuna mzee Mji wa Kale bado ana gunia la sufi, ameniambia nipitie Alhamisi, nije na kitambaa changu.